Shilingi Yenye Vichwa Viwili

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Kongowe, Kibaha. Yamechapwa hapa kama yalivyosomwa.)



Kwanza nampa pole mwenzetu aliyesafiri kutoka Mwanza. Jana jioni alimwambia dereva ampeleke Kongowe, na dereva, mtu mwaminifu kabisa, akampeleka Kongowe. Ila ile ya upande wa Mbagala. Amefika hapa saa nne za usiku, amechoka na ana njaa. Jina ni moja, mahali ni pawili. Nimemwomba ruhusa nianze na mkasa wake, kwa sababu mambo nitakayoyasema ni ya namna hiyo hiyo: vitu viwili vinavyofanana kwa nje, na mtu anayevichanganya bila ubaya wowote moyoni.

Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya kazi ya benki. Ndugu zangu, nilikaa kaunta tangu mwaka 1979 hadi nilipostaafu mwaka 2018. Kazi ya keshia ni kuhesabu fedha ambazo si zake, na jioni zikapatikana zote. Mazungumzo juu ya kazi ya benki yameishia hapo. Nitazungumza juu ya sarafu moja tu. Ninayo hapa mfukoni, na wapo kati yenu walioipata kuiona kwa macho yao mwaka 1975, katika bweni letu, tukiwa kidato cha tatu.

Mnakumbuka shilingi yetu ya wakati ule. Ilitoka mwaka 1966, Benki Kuu yetu ilipoanza kutoa fedha za Tanzania badala ya zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Upande mmoja kichwa cha Mwalimu, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura. Na kila jambo lililokuwa na ubishi bwenini tuliliamua kwa shilingi: kichwa au mwenge? Nani atakwenda kuteka maji? Nani ataosha sufuria ya uji? Kichwa au mwenge.

Basi alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye alichagua kichwa siku zote, na siku zote alishinda. Jina lake silitaji. Mjane wake amenipa ruhusa ya sarafu, ruhusa ya jina sikumwomba. Muhula mzima ulipita hatujamwona na ndoo. Siku tuliyomkaba akafungua kiganja, tukaona shilingi ina kichwa cha Mwalimu upande huu, na kichwa cha Mwalimu upande huu. Hakuna mwenge.

Alisema ameipata katika chenji ya duka, Mlandizi. Tukashangaa, na kama ilivyokuwa desturi, jambo likaletwa kwangu. Nami nilikuwa nani? Nilikuwa katibu wa chama cha sayansi, na nilikuwa nimesoma maktabani kitabu kimoja cha sarafu, tena nusu yake, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa imechanwa. Niliipindua sarafu mara mbili, nikakunja uso, nikatoa hukumu: shilingi hii imekosewa kiwandani London, mashine iligonga vichwa viwili, na kosa la namna hii lina thamani kubwa sana. Akaniomba nimwandikie. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika, nikatia sahihi na cheo.

Karatasi hiyo niliisahau. Tulimaliza mwaka 1976 tukatawanyika.

Ndugu Mwenyekiti, mwenzetu alifariki mwaka 2019. Mwaka 2021, asubuhi moja, nilisikia hodi barazani kwangu. Alikuwa mjane wake, pamoja na kijana wao wa mwisho. Mama yule alikuwa amebeba kopo la Blue Band. Baada ya salamu, pole na chai, akalifungua. Ndani mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa shilingi, na chini ya shilingi karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Niliutambua mwandiko kabla sijayasoma maneno. "Sarafu hii ni kosa la kiwanda. Ni adimu. Isiuzwe kwa bei ndogo." Chini jina langu, na Katibu, Chama cha Sayansi.

Akanieleza. Kwa miaka yote ya ndoa yao mumewe alikuwa akisema, nikiondoka, kopo hilo litamsomesha mtoto wa mwisho. Walipojenga walikwama kwenye bati, hakuiuza. Alipougua hakuiuza. Sasa ametokea mtu, anasema ana mnunuzi wa nje ya nchi, na bei ni shilingi milioni mbili. Ila kwanza zitangulie shilingi laki moja na nusu za kuipima sarafu kwa mashine. Yule mtu aliisoma ile karatasi yangu akasema, kwa ushahidi huu biashara imekwisha. Shemeji yangu alikuwa na mbuzi wanne. Alikuwa amekwisha pata mteja wa watatu. Akaja kwangu njiani kuelekea mnadani, si kwa mashaka, bali kwa heshima: aliona si vizuri kuuza bila kumwarifu aliyetoa cheti.

Nikamwomba anipe saa moja. Hayo niliyoyafanya katika saa hiyo ndiyo nataka kuwaeleza, kwa sababu yanaweza kufanywa na mtu yeyote katika chumba hiki, na kwa sababu ningeweza kuyafanya mwaka 1975 katika maabara yetu iliyokuwa hatua hamsini kutoka bwenini.

Tuanze na kiwanda. Sarafu huzaliwa hivi. Bamba la madini hupitishwa kwenye vinu mpaka lifikie unene unaotakiwa. Hukatwa vipande vya duara ambavyo bado ni vitupu, havina picha. Vipande hivyo huviringishwa ili ukingo wake uinuke kidogo, huchomwa motoni vilainike, huoshwa. Kisha kila kipande huingia kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, huku kikizungukwa na pete ya chuma inayokizuia kisitanuke. Mihuri inagongana mara moja kwa nguvu ya tani nyingi. Kichwa na mwenge huingia kwa pigo lile lile moja. Hapo ndipo kipande kitupu kinapokuwa fedha.

Mkiielewa safari hiyo, mmeyaelewa makosa yote. Kwa maana kila kosa la kweli la kiwanda lina mahali pake katika safari hiyo. Kipande kisipokaa sawasawa, picha inakwenda upande na sehemu inabaki tupu. Pete isipokuwapo, sarafu inatanuka, ukingo wake unakuwa bapa. Sarafu iliyokwisha gongwa ikinata kwenye muhuri, kipande kinachofuata kinapigwa na sarafu mwenzake badala ya muhuri, na picha inaingia ndani na kugeuka kinyume kama mwandiko kwenye kioo. Muhuri ukipata ufa, ufa unatokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Hivyo, kanuni yangu ni moja tu, vijana iandikeni: ukishindwa kueleza mashine ilifanyaje, usiseme mashine imekosea. Huenda ni kazi ya mtu.

Na sisemi kwamba makosa ya kweli hayapo. Yapo, tena mengine ni ya kwetu. Mwaka 1916 Wajerumani walizingirwa kwa vita, meli zao haziwezi kuleta fedha, wakagonga sarafu Tabora kwa vifaa vya karakana ya reli. Hela ishirini na hela tano za Tabora, na ile rupia kumi na tano ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyotoka vipande zaidi ya 16,000. Neno letu hela lilitoka kwao, kwa sarafu yao ya heller. Sasa chukua hela ishirini za Tabora kumi, uziweke mezani. Moja picha imefifia, nyingine imekwenda upande, nyingine ina mstari wa ufa wa muhuri. Hayo ni makosa halali, na sababu yake inajulikana: mihuri ya haraka, mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo, na adui anakaribia. Septemba mwaka ule ule Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji.

Hata mihuri kuchanganywa hutokea. Mwaka 1936 kiwanda cha Birmingham kilikuwa kikigonga sarafu za Afrika Mashariki na za Afrika Magharibi kwa jina la Mfalme Edward wa Nane, na zipo peni za Afrika Magharibi zilizogongwa upande mmoja kwa muhuri wa senti kumi yetu. Mwaka 2000 huko Marekani ilionekana sarafu ya dola moja yenye kichwa cha robo dola. Ya kwanza kupatikana iliuzwa mwaka huo huo kwa mnada zaidi ya dola 29,000. Mwaka 2008 Waingereza walibadili sura ya peni ishirini, wakauhamisha mwaka kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Muhuri wa zamani ukakutanishwa na muhuri mpya, na maelfu ya sarafu yakatoka hayana mwaka upande wowote. Angalieni, kila moja ina maelezo. Waweza kuiona mihuri miwili iliyokutana kimakosa, na waweza kusema kwa nini ilikuwa karibu karibu siku ile.

Lakini vichwa viwili? Mihuri ya vichwa viwili kukutana mashine moja si rahisi, maana viwanda vingi huiunda mihuri ya juu na ya chini kwa namna tofauti isiweze kubadilishana nafasi. Duniani sarafu za kweli za namna hiyo ni za kuhesabika kwa vidole. Ila sarafu za vichwa viwili za kutengenezwa na watu zimejaa kila nchi. Huuzwa katika maduka ya wafanya mazingaombwe, bei ya kuchezea watoto. Nazo hutengenezwa hivi: unachukua sarafu mbili halali. Ya kwanza unaiweka kwenye mashine ya kukereza chuma, unaichimba upande mmoja mpaka inabaki kama kisahani chenye ukingo. Ya pili unaikereza ukingo wote na mgongo wote, inabaki uso wake tu, mwembamba, mdogo kidogo. Unautia uso ule ndani ya kile kisahani, kwa gundi au kwa kukaza, na kazi imekwisha. Fundi mzuri anaifanya usione kitu.

Usione kwa macho matupu, nasema. Sasa turudi barazani kwangu.

Kwanza, sikio. Nilichukua shilingi ya kawaida ya miaka ile, ninazo chache za ukumbusho. Nikaiweka juu ya ncha ya kidole, nikaigonga kwa kalamu. Ikalia, sauti nyembamba inayokawia. Nikaiweka ya marehemu, nikaigonga. Ikasema tu, kama kifuniko cha soda. Kitu kilichogongwa kwa kipande kimoja huimba. Kitu kilichounganishwa hukohoa. Kijana wake akanitazama. Alikuwa amesikia.

Pili, mizani. Shilingi ile ilikuwa karibu gramu nane. Nina mizani ndogo ya kupimia dawa za kuku. Shilingi tatu za kawaida zilikubaliana, zikitofautiana kidogo sana kwa kuchakaa. Ile ya kopo ilipungua kwa zaidi ya nusu gramu, nayo ilikuwa haijachakaa. Kukereza kunakula madini, na gundi ni nyepesi. Uzito peke yake hauhukumu, maana kipande kitupu chaweza kutoka chembamba tangu mwanzo. Lakini uzito ni shahidi wa pili.

Tatu, ukingo wa ndani. Hapa ndipo panapotoa jibu. Watu wengi hutafuta mwungano kwenye ukingo wa nje, wakiukosa hufurahi. Mwungano hauko nje. Uko usoni, mahali uwanja wa sarafu unapokutana na ukingo ulioinuka, upande mmoja tu. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaiinamisha sarafu juani, nikaizungusha polepole. Upande wa kwanza ulikuwa safi. Upande wa pili kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umezunguka wote bila kukatika. Nikapitisha ncha ya sindano, ikashika. Hakuna mashine ya kugonga inayoacha mstari ule. Unaachwa na mashine ya kukereza.

Nilikaa kimya kidogo. Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimekwisha jua tangu sauti ya kwanza. Yale mengine niliyafanya kwa kuahirisha.

Kabla sijawaambia yaliyofuata, niwape haraka namna nyingine za udanganyifu au mchezo ambazo nimezipokea kaunta kwa miaka karibu arobaini, maana kila moja ililetwa na mtu aliyeamini.

Ipo ile ya reli. Wale tuliokuwa tukitoroka kwenda Soga tunaijua: unaweka shilingi juu ya reli, treni inapita, unaokota kitu kipana kama kikombe. Miaka kadhaa baadaye mtu anakikuta kwenye droo ya baba yake, anasema sarafu hii iligongwa bila pete. Tazama herufi. Sarafu iliyotanuka kiwandani herufi zake ni nzima, za ukubwa wake, ni ukingo tu uliotandazika. Iliyopitiwa na treni herufi zake zimevutika kama mpira na uso wa mtu umekuwa mrefu.

Ipo ile ya jiliwa, au vaisi kama tulivyoizoea karakana. Sarafu mbili zinabanwa pamoja mpaka moja inachapa picha yake juu ya mwenzake, kinyume. Mtu anasema hii ni ile sarafu iliyonata kwenye muhuri. Pindua upande wa pili. Ile ya kiwandani upande wake wa pili ni mkali na mzuri, kwa kuwa muhuri uliugonga kama kawaida. Ile ya jiliwa upande wa pili umelala, umesagwa na meno ya chuma.

Ipo senti kumi ya tundu ambayo haina tundu. Kiwandani tundu lilitobolewa kabla ya kugongwa, na kipande kilichopita bila kutobolewa kweli chaweza kuwapo. Lakini nyingi nilizoonyeshwa zilizibwa na fundi. Tafuta duara katikati, rangi tofauti kidogo, na alama za tupa. Kinyume chake ipo yenye matundu mawili: tundu lililotobolewa na fundi lina mabaki makali ya chuma pembeni, na limekata picha.

Na ipo ile ya rangi, ambayo ndiyo inayowasumbua vijana wa leo. Shilingi mia ya mwaka 1993 na hamsini ya mwaka 1996, ile yenye kifaru, ni chuma ndani na nje imevikwa madini ya manjano. Ukiitumbukiza kwenye asidi, lile vazi linaliwa, inatoka nyeupe. Mtu anasema wamekosea madini, wameigonga kwa fedha! Lete sumaku: inashikwa, maana ndani ni chuma kile kile. Pima: imepungua kidogo. Angalia herufi: zimekonda, na uso una vishimo vidogo kama ngozi ya mtu aliyepona ndui. Asidi haichagui, inakula kila mahali.

Tena fahamuni kuwa Kanuni ya Adhabu yetu ina sura nzima ya makosa yahusuyo sarafu. Mchezo wa mtoto bwenini ni mchezo, lakini kuzichonga fedha za nchi na kuziingiza sokoni kama kitu kingine ni jambo la polisi. Na huyo anayesema tanguliza kidogo nipime, huyo hana haja na sarafu yako hata ikiwa ya kweli. Biashara yake ni hicho kidogo kinachotangulia. Ni yule yule anayetembea vijijini na hadithi za rupia za Mjerumani. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

Sasa nirudi barazani nimalize.

Nilimwita kijana, nikampa kioo na sindano, nikamwacha auone ule mstari mwenyewe. Aliuona. Akampa mama yake, naye akauona. Kisha nikasema, "Shemeji, hizi ni shilingi mbili zilizochongwa na kuunganishwa na fundi. Si kosa la kiwanda. Na aliyeandika kwamba ni kosa la kiwanda ni mimi, na sikuwa nimeipima."

Akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii tumelinda shilingi mbili?"

Nikasema, "Ndiyo, shemeji."

Sikuwa na neno jingine. Nilifikiri juu ya zile bati. Nilifikiri juu ya mtu ambaye, akiwa mgonjwa, alijiona ana akiba, kwa kuwa rafiki yake aliyesoma alimwandikia hivyo. Huenda akiba ile ilimpa usingizi. Huenda pia ilimzuia kutafuta nyingine. Mimi sijui hesabu hiyo inavyofunga, na nimefunga hesabu maisha yangu yote.

Mama yule alikaa kimya muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, akasema mumewe alikuwa akiamua kwa shilingi ile nani kati ya watoto atafuata maji kisimani, na kila mara akichagua kichwa yeye. Akaniambia kwamba mjomba wa marehemu alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Mimi miaka arobaini na sita sikuwahi kuuliza mjomba wake anafanya kazi gani! Nadhani mwenzetu alijua imetoka wapi, naye hakutwambia kwa hofu ya ndoo. Halafu nikamwandikia cheti kile, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipata alama za juu, huenda alianza kuamini karatasi kuliko alichokijua mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha shemeji akaniambia maneno mawili. La kwanza: "Heri umenieleza kabla sijauza mbuzi." La pili, akaisukuma ile karatasi mezani: "Hii basi iandike upya."

Nikaiandika upya siku ile ile. Nikaeleza sarafu ilivyolia, ilivyopungua uzito, mstari ulipo, na upande upi. Nikatia tarehe na sahihi. Cheo sikukiandika. Ile ya zamani nilitaka kuichana. Kijana akasema hapana, mjomba, ziwekwe pamoja. Yule mnunuzi alipopiga simu kijana alimsomea karatasi ya pili mpaka mwisho. Hakupiga tena. Na kijana huyo, nashukuru kuwaarifu, alimaliza kidato cha sita. Mbuzi wale watatu waliuzwa baadaye, kwa ada, kwa bei yao halali.

Ndugu zangu, sisi tuliopita shule hii ni watu wa kuulizwa. Tunaporudi vijijini tunaletewa barua, dawa, hati za viwanja, simu zenye ujumbe wa bahati nasibu, na watu hungoja tukunje uso tuseme neno. Neno letu linakunjwa mara nne linawekwa ndani ya kopo. Nawaomba, na hasa nawaomba vijana mlio nyuma, msiseme "hii ni ya kweli" mpaka mmeigonga, mmeipima na kuizungusha juani. Na kama hamna mizani karibu, semeni sijui. Neno hilo lingemgharimu mtoto wa kidato cha tatu aibu ya dakika moja.

Sasa naomba ruhusa ya Mwenyekiti nipitishe sarafu mbili zizunguke kwenye viti: moja ya kawaida, na moja hiyo. Mwenye kioo atazame, mwenye sikio aigonge. Shemeji amesema zikimaliza mzunguko, ile ya marehemu ibaki katika maabara ya shule pamoja na karatasi zote mbili, ili wanafunzi wa fizikia waipime kila mwaka. Nimekwisha mkabidhi Mwalimu Mkuu karatasi hizo.

Ila zirudi mbili. Nimekaa kaunta miaka thelathini na tisa, nitahesabu.